Stelingi hafi, mpenzi wake ndiye hufa

Kila filamu mpya ya mashujaa wenye nguvu za ajabu inapoingia katika kumbi za sinema za Westlands, swali moja halikosi kuzuka miongoni mwa vijana wetu wa Muthangari na mitaa jirani: je, shujaa wa aina hii anafaa kuwa na mpenzi? Wapo wanaokataa katakata. Kwao, mapenzi ni kupoteza muda. Jiji linateketea, adui yuko mlangoni, na jamaa bado amemshika binti mkono juu ya paa la ghorofa! Wapo pia wanaoshikilia kwamba shujaa asiyependa ni mashine tu, na mashine haitutoi machozi.

Katika makala ya leo ninanuia kuonyesha kwamba pande zote mbili zina hoja, ila zimeuliza nusu ya swali. Kupenda, shujaa atapenda. La kuuliza ni hili: akipenda, nani hulipa gharama ya mapenzi hayo?

Tuanze na majina, maana lugha ikichafuka na fikra huchafuka. Yeyote aliyesoma fasihi simulizi katika shule zetu za upili anaijua mighani, ambayo wengine huiita visakale. Mhusika mkuu wa mighani huitwa jagina. Jagina ana nguvu zinazomzidi binadamu wa kawaida, huwatetea watu wake, ana siri inayozilinda nguvu hizo, na aghalabu husalitiwa na mtu wa karibu. Hebu zipitie sifa hizo tena huku ukimwaza Superman. Utaona kwamba huyu naye ni jagina, ila amevaa nguo za kubana. Basi hatuna haja ya kuhangaika kubuni istilahi. Tunayo, na watoto wetu hutahiniwa kuihusu.

Mtaani nako kuna neno jingine: stelingi. Limezaliwa na lile neno la Kiingereza linalotangulia jina la mwigizaji mkuu kwenye mabango ya filamu, nasi tukalitohoa kwa namna yetu. Katika vibanda vya video, ambako wasimulizi kama DJ Afro wamewafasiria watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, stelingi ana kanuni moja inayojulikana na kila mtoto: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kuzikwa chini ya vifusi. Kufa, hafi.

Jagina na stelingi wanafanana kwa mengi, lakini hapo ndipo wanapoachana. Jagina wa mighani hufa, na mara nyingi hufia mikononi mwa mtu anayempenda. Stelingi wa filamu haruhusiwi kufa. Tofauti hii ndogo ndiyo inayoeleza masaibu yote ya mapenzi katika filamu hizi.

Anayedai kwamba mahaba yameingizwa juzi na Hollywood ili kuuza tiketi hana ushahidi. Superman alipotokea kwa mara ya kwanza katika jarida la Action Comics mwaka 1938, Lois Lane alikuwa naye katika toleo hilohilo. Huku kwetu pia, majagina wa kale walichumbia na kuoa. Mapenzi yana umri sawa na ushujaa wenyewe.

Chukua Lwanda Magere, jagina wa Waluo wa Kano. Mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mikuki ilimgonga ikaanguka. Maadui zake, Wanandi, ambao Waluo huwaita Lang'o, walipochoka kushindwa walibadilisha mbinu, wakampa binti mrembo amwoe. Siku moja Lwanda akaugua. Mkewe akajaribu kumchanja chale ili amtie dawa, wembe ukakataa. Ndipo Lwanda akamwambia achanje kivuli chake. Kivuli kikatoa damu. Mke akatoroka usiku na siri hiyo kwenda kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukaelekezwa kivulini. Lwanda akaanguka, akageuka jiwe, na jiwe hilo lingali linaonyeshwa katika nchi ya Kano.

Kisa hiki na kile cha Samsoni na Delila katika Biblia vimetoka mbali na mbali, ila funzo wanalolitoa wasimulizi ni moja: mwanaume akimfungulia mwanamke moyo, amempa kisu. Nimelisikia funzo hilo darasani kwa miaka mingi, na kila mara wanaolitoa kwa sauti ya juu ni vijana wa kiume.

Lakini hebu tugeuze upande wa simulizi. Binti yule wa Lang'o ni nani machoni pa watu wake? Aliingia peke yake katika nyumba ya adui ambaye majeshi yalishindwa kumgusa. Aliishi humo akijua kwamba akigunduliwa atauawa. Alirudi na siri iliyoliokoa taifa lake. Ingekuwa ni mwanaume aliyefanya hayo, tungemwita jagina bila kusita. Yeye, katika masimulizi mengi, hatajwi hata jina. Amebaki kuwa "yule mwanamke". Kosa basi si kwamba Lwanda alipenda. Kosa ni la usimulizi uliomfanya mpenzi wake kuwa mtego tu, bila nafsi, bila kwao, bila sababu zake.

Nadharia ya mwanamke mtego inagonga mwamba tunaposhuka pwani na kukutana na Fumo Liyongo. Huyu alikuwa jagina na malenga kwa wakati mmoja. Mapokeo ya Waswahili yanamnasibisha na tungo za kujisifu kwa ushujaa na pia tungo za kumsifu mke wake. Ni kusema kwamba jagina mkuu kabisa wa fasihi ya Kiswahili hakuona aibu kuushika upinde kwa mkono mmoja na wimbo wa mahaba kwa mkono wa pili.

Katika utenzi ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika mwanzoni mwa karne ya 20, Wagala walipomwona Liyongo walitamani mbegu yake, wakamwoza binti yao ili wapate mtoto mwenye nguvu kama zake. Baadaye sultani wa Pate akamtia gerezani. Waliomwokoa ni wanawake wawili: mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada, aliyeupeleka mkate huo. Walinzi walikula vyakula vitamu, wakamwachia mfungwa mkate waliouona kuwa takataka. Liyongo akakata pingu huku kelele za ngoma ya gungu zikiifunika sauti ya tupa.

Aliyemsaliti hatimaye si mke wala kijakazi. Ni mwanawe wa kiume, aliyeahidiwa cheo pamoja na binti wa sultani. Alimuuliza baba siri ya nguvu zake, naye kwa kuwa ni mwana, akaambiwa: sindano ya shaba, kitovuni. Akamchoma akiwa usingizini. Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani bado yu hai. Mwana naye hakuyafaidi aliyoahidiwa.

Angalia jinsi utenzi huu unavyogawa mizigo. Mapenzi yamo ya kila namna: ya mke, ya mama, ya kijakazi mwaminifu, ya baba kwa mwana. Yapo yaliyoua na yapo yaliyookoa. Mwanamke hakupewa kazi moja tu ya kubomoa. Na Saada, ambaye hakuwa mpenzi wa Liyongo, alihatarisha maisha yake kuliko wanaume wote wa utenzi ule.

Sasa turudi kwenye kumbi za Westlands. Filamu za Marekani zimeirithi hofu ileile ya mighani, kwamba mapenzi ni mlango wa udhaifu. Lakini kwa kuwa stelingi hafi, na kwa kuwa kuna filamu ya pili na ya tatu za kuuzwa, jeraha haliwezi kumfika yeye. Ni lazima limfike mtu mwingine. Basi huhamishiwa kwa mpenzi.

Mifano ni mingi. Mwaka 1973, katika jarida la Spider-Man, Gwen Stacy alitupwa kutoka darajani akafa ili Peter Parker aumie. Katika The Dark Knight ya mwaka 2008, Rachel Dawes aliteketea katika mlipuko ili Batman na Harvey Dent waumie. Ukibadilisha jinsia, kanuni haibadiliki: katika Wonder Woman ya mwaka 2017, jagina ni mwanamke, na anayekufa ni mpenzi wake Steve Trevor. Tofauti ni kwamba Trevor alipewa misheni yake mwenyewe, akafa akiitekeleza. Gwen na Rachel walikufa kwa sababu tu walipendwa.

Pale mpenzi asipouawa, hunyang'anywa kumbukumbu. Katika Superman II ya mwaka 1980, Superman aliziacha nguvu zake ili aishi na Lois kama binadamu wa kawaida. Akapigwa na dereva mmoja wa lori hotelini hadi akatoka damu. Alipozirejesha nguvu hizo na kazi ikaisha, alimbusu Lois na busu likamfutia yote aliyoyajua. Miaka 41 baadaye, katika Spider-Man: No Way Home, Peter Parker aliomba dunia nzima imsahau, na MJ akiwemo. Wakosoaji wengi waliona hapo kujitolea kukubwa kwa kijana huyo. Mimi nauliza: kumbukumbu za binti zilikuwa mali ya nani? Jagina anajitolea, halafu sadaka yenyewe ni akili ya mtu mwingine.

Kwa hivyo vijana wanaosema mapenzi yaondolewe kabisa wana kisa. Wanachokichoka si mapenzi. Wamechoka na pambo: mtu aliyewekwa katika filamu ili atekwe, aokolewe, alie au afe. Pambo kama hilo ukilipeleka mbele kwa rimoti, hadithi haipungukiwi na kitu.

Waandishi wetu wa riwaya za upelelezi walikabiliana na tatizo hili kitambo, ingawa wahusika wao hawaruki angani. Muhammed Said Abdulla alimwacha Bwana Msa bila mapenzi. Kiko chake na rafiki yake Najum vilimtosha, na fumbo likabaki kuwa fumbo. Elvis Musiba akampa Willy Gamba wanawake wengi, ambao aghalabu hupita kama vituo vya matatu. Ben Mtobwa akachagua njia ya tatu: Joram Kiango ana Nuru, na Nuru huingia katika hatari pamoja naye, hufikiri pamoja naye, na hushiriki upelelezi wenyewe. Wasomaji waliomjua Joram hawawezi kumtaja bila kumtaja Nuru. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mpenzi na pambo.

Katika sinema, aliyeifuata njia hiyo ya tatu vizuri zaidi machoni pangu ni Nakia wa Black Panther, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Filamu hiyo ilipofika Kisumu Februari 2018, tulijawa na fahari kwa sababu binti yetu alikuwa ndani yake. Fahari hiyo ilitufanya tusiangalie kwa makini kazi aliyopewa. Tunapokutana na Nakia kwa mara ya kwanza, yuko kazini akiwa jasusi miongoni mwa wanawake waliotekwa, na T'Challa anapotokea kumchukua anamharibia misheni. Mfalme anaganda kwa kumwona, nasi tunacheka. Lakini Nakia hamsubiri mfalme. Ana msimamo wake: kwamba Wakanda haina haki ya kujificha na utajiri wake huku Waafrika wengine wakiteseka.

T'Challa anaukataa msimamo huo mwanzoni. Mwishoni anaukubali, anaifungua nchi, na kumkabidhi Nakia sehemu ya kazi hiyo. Mwondoe Nakia katika filamu hii na T'Challa hana wa kumbadilisha kwa upendo. Atabaki na Killmonger peke yake, anayedai jambo linalokaribiana na hilo kwa bunduki. Mapenzi hapa hayajasimamisha hadithi. Yameisukuma.

Filamu hiyohiyo ina jozi nyingine. Jenerali Okoye anampenda W'Kabi, na vita vinapozuka wanajikuta pande mbili. W'Kabi anamuuliza kama kweli anaweza kumuua. Okoye hasiti kuiweka nchi mbele, na W'Kabi anapiga magoti. Hapakuwa na wa kuokolewa pale. Palikuwa na watu wazima wawili, kila mmoja na wajibu wake, na mapenzi yao yakiwa kwenye mizani.

Mtu atauliza: je, ni lazima basi kila jagina awe na Nakia wake? La. Na ushahidi umetoka papa hapa Kenya. Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usio na tiba na ambaye ndoto yake ni kuwa jagina. Mama anamtoa hospitalini ili siku zake zilizobaki aziishi nyumbani. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kiigize, ili Jo aamini kwamba kweli ana nguvu. Mwishowe wanakijiji wanashirikiana kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye stelingi.

Na Jo anafariki. Likarion aliivunja kanuni ya kibanda cha video, akairudia kanuni ya mighani. Jagina amekufa, na aliyeumia ni sisi. Kisa cha Jo mwenyewe hakiendeshwi na mchumba. Kinaendeshwa na mama anayejua hesabu ya siku, dada asiyekubali, na majirani wanaojifanya wameanguka kwa pigo la mtoto. Aliyetoka katika filamu hiyo akidai kwamba haina mapenzi hakuwa macho.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kufikiri. Tuna mahaba na huba kwa yale ya wapenzi, ashiki kwa ile tamaa inayowaka, upendo kwa ule mpana zaidi unaomfikia mtoto, mzazi, jirani na hata nchi, na mapenzi linaloweza kubeba karibu yote hayo. Tunapouliza kama jagina anafaa "kuwa na mapenzi", aghalabu tunawaza ashiki na mahaba peke yake. Mighani yetu ilijua zaidi. Ilichokihitaji ni mtu wa karibu, yule anayeweza kuufikia udhaifu wa jagina, ama aulinde ama auuze. Mtu huyo anaweza kuwa mke. Anaweza pia kuwa mama, mwana au kijakazi. Bila mtu huyo, nguvu za jagina hazina maana, kwa maana hatujui anazilinda kwa ajili ya nani.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mabishano ya watu wenye muda. Sivyo. Tarehe 27 Januari 2024 watu walijaa barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Baada ya mauaji kama hayo, mitandaoni hazikosi sauti za kuuliza marehemu alikuwa amefanya nini, alikuwa amemlia nani pesa, alikuwa amemsaliti nani. Sidai kwamba hadithi huua mtu. Ninachosema ni kwamba mvulana aliyekulia kwenye simulizi ambamo mpenzi ni msaliti asiye na jina, kisha akahamia kwenye filamu ambamo mpenzi ni maiti ya kumpa stelingi hasira, hajapewa mfano wa kutosha wa mwanamke anayependwa na bado ana maisha yake. Na msichana aliyeketi kando yake ameyatazama yayo hayo.

Kwa hivyo ninawapendekezea walimu, waandishi wa tamthilia za tamasha za shule na vijana wetu wanaoandika miswada ya filamu kipimo kimoja rahisi. Mwondoe mpenzi wa jagina katika kisa chako. Iwapo kisa kinaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, basi hukuwa na mpenzi, ulikuwa na pambo. Lifute au umpe kazi. Iwapo kisa kinaporomoka kwa sababu tu hakuna tena wa kutekwa, uliza kama huwezi kupata sababu bora ya shujaa wako kupigana. Iwapo kinaporomoka kwa sababu hakuna tena wa kumpinga jagina, kumfunza, kumtilia shaka na kumbadilisha, mwache apende. Umeandika watu wawili.

Na kama kuna mwandishi kijana anayetafuta pa kuanzia, kazi moja inamsubiri. Atuandikie Lwanda Magere upya, kamera ikimfuata binti wa Lang'o tangu siku anayoagana na mama yake hadi usiku anaoikimbia nyumba ya mume wake. Tumwone akicheka na mtu aliyetumwa kumwangamiza. Tumwone ameshika wembe, kivuli kinatoa damu, naye ana usiku mmoja tu wa kuamua. Ila kwanza ampe jina.